Kujenga Taharuki Katika Filamu: Mbinu za Alfred Hitchcock kwa Waongozaji wa Nairobi

Filamu nyingi za uhalifu zinazotengenezwa Nairobi kwa bajeti ndogo humficha mtazamaji kila kitu hadi dakika za mwisho, kwa matumaini kwamba siri itakapofichuka atashtuka. Kushtuka atashtuka, lakini mshtuko huo hupita upesi, na kabla yake atakuwa amekaa saa nzima bila kujua ni nini hasa anachopaswa kukihofia. Alfred Hitchcock, mwongozaji aliyezaliwa London mwaka 1899 na kufanya kazi Uingereza kisha Marekani hadi miaka ya 1970, alifuata njia iliyo kinyume kabisa. Yeye alimwambia mtazamaji mapema, akamwacha mhusika peke yake gizani. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuifuata njia hiyo ukiwa na kamera moja, waigizaji wachache na nyumba ya kuazima.

Mwaka 1962, katika mazungumzo yake marefu na mwongozaji Mfaransa François Truffaut, Hitchcock alitoa mfano wa watu wanaozungumza mezani huku bomu likiwa chini ya meza hiyo. Bomu likilipuka bila mtazamaji kujua lilikuwapo, atapata sekunde 15 za mshtuko. Akiwa amemwona mtu akilitega, anajua litalipuka saa ngapi, na saa ya ukutani inaonekana, mazungumzo yale yale ya kawaida yatampa dakika 15 za taharuki, kwa kuwa atatamani kuwaambia wale watu waache porojo na waondoke. Bomu ni lile lile na maneno ni yale yale. Kilichobadilika ni nani anajua nini.

Kwa hiyo kabla ya kukodi kifaa chochote, chukua muswada wako na daftari, na kwa kila onyesho andika upande mmoja anachokijua mtazamaji na upande wa pili anachokijua mhusika. Pale ambapo pande zote mbili zinalingana kwa kurasa nyingi mfululizo, taharuki imelala. Tafuta siri uliyoihifadhi kwa ajili ya mwisho na ujiulize itakuwaje ukiitoa katikati. Hitchcock alifanya hivyo katika Vertigo (1958): riwaya ya Kifaransa iliyokuwa chanzo cha filamu hiyo huhifadhi siri kuu hadi mwisho, lakini yeye aliifichua wakati bado sehemu kubwa ya hadithi imebaki. Tangu hapo hatuulizi tena mwanamke anayefuatiliwa na mpelelezi ni nani. Tunauliza mpelelezi atafanya nini siku atakapojua, na swali hilo ndilo zito zaidi.

Hatua inayofuata ni kuamua kamera itakaa wapi, na hapa Nairobi ina utajiri ambao haujatumiwa vya kutosha. Katika Rear Window (1954), mpiga picha aliyevunjika mguu amekaa dirishani akiwatazama majirani wa upande wa pili, na anaanza kushuku kwamba mmoja wao amemuua mkewe. Mpenzi wake anapoingia katika nyumba ya mshukiwa kutafuta ushahidi, kamera haimfuati. Inabaki kwa mgonjwa, nasi tunabaki naye, tukimwona mshukiwa akirudi huku mwanamke yule akiwa bado ndani, na hatuna uwezo wa kufanya lolote.

Sasa fikiria ghorofa za Pipeline, Embakasi, zilivyosogeleana hadi jirani anaweza kuona kinachopikwa ng'ambo ya ujia. Rehema ameingia katika chumba cha jirani kutafuta kitambulisho cha dada yake aliyetoweka. Mdogo wake yuko dirishani upande wa pili, akiwa na simu mkononi, na anamwona mwenye chumba akipita langoni na kuanza kupanda ngazi. Akipiga simu, mlio utamfichua Rehema; asipopiga, Rehema atafumaniwa. Usiingize kamera chumbani. Iache kwa mtoto, uonyeshe kidole chake juu ya kitufe, kisha ngazi, kisha Rehema akiinama bila habari. Onyesho kama hilo halihitaji hata tone moja la damu ya bandia, na litamshika mtazamaji kuliko mapigano ya dakika kumi.

Taharuki pia huhitaji kitu cha kushikika, na muda unaoonekana ukipungua. Katika Notorious (1946), mke anayeigizwa na Ingrid Bergman ameiba ufunguo wa stoo ya mvinyo wa mume wake ili ampe jasusi mwenzake. Kamera inaanza juu kabisa ya ukumbi wa karamu, ambapo wageni wote wanaonekana, kisha inashuka taratibu hadi ufunguo huo mdogo unaijaza skrini, ukiwa kiganjani mwake. Wakati wapelelezi wako chini stoo, Hitchcock anaturudisha mara kwa mara kwenye chupa za shampeni zinazozidi kupungua, kwa maana zikiisha mume atazifuata nyingine kule kule. Hakuna saa iliyoonyeshwa, lakini chupa ndizo saa. Katika nyumba za Nairobi, mita ya tokeni za stima inaweza kufanya kazi hiyo vizuri sana: mwonyeshe mtazamaji namba iliyobaki mapema, mwache aelewe kwamba taa zikizimika mlango wa umeme hautafunguka, kisha rudi kwenye namba hiyo kila inaposhuka. Chagua saa moja tu kwa kila onyesho, kwani ukiweka mbili zitagawanya hofu.

Mpangilio wa picha za Hitchcock nao ulipangwa mezani, mara nyingi kwa michoro, kabla ya siku ya kurekodi. Katika The Birds (1963), mwanamke ameketi kwenye benchi nje ya shule huku watoto wakiimba ndani. Nyuma yake kunguru mmoja anatua kwenye vyuma vya kuchezea, kisha wengine, na kila tukirudi kwake bado hajageuka. Hatimaye anamfuata kwa macho kunguru mmoja anayeruka, na tunapofika naye tunakuta vyuma vyote vimejaa. Filamu hiyo haina muziki wa kawaida wa kusindikiza. Wimbo wa watoto ndio unaotufanya tuhesabu muda. Jaribu kuhariri onyesho lako kwanza bila muziki wowote, ukitumia sauti za mahali penyewe: adhana, honi za matatu, redio ya jirani. Hofu ikikosekana hapo, ngoma na vinanda havitaileta. Sisemi muziki hauna kazi, kwa kuwa Hitchcock mwenyewe alitaka onyesho la bafuni katika Psycho (1960) liwe bila muziki, akabadili nia baada ya kusikia vinanda vya mtunzi wa muziki Bernard Herrmann.

Usikimbilie uchochoro wa usiku. Katika North by Northwest (1959), ndege inamshambulia mtu mchana kweupe, kwenye mashamba yasiyo na pa kujificha, baada ya dakika kadhaa za kungoja ambapo magari yanapita tu. Uwanja wa shule wakati wa likizo, saa sita mchana, utatosha, na hautahitaji taa za kukodi. Ombeni kibali cha kurekodi kutoka Bodi ya Kuainisha Filamu mapema, ili kazi isikatizwe.

Kuna mpaka mmoja wa kuheshimu. Katika Sabotage (1936), mvulana anabeba bomu bila kujua, ndani ya kifurushi, na tunajua litalipuka saa nane kasorobo mchana. Anacheleweshwa na mchuuzi, na gwaride, na msongamano wa magari, na hatimaye bomu linalipuka akiwa ndani ya basi. Watazamaji walichukia, na Hitchcock alikiri baadaye kwamba kumuua mvulana huyo lilikuwa kosa kubwa. Mtazamaji aliyevumilia hofu kwa muda mrefu anadai nafuu. Mtoto wa dirishani Pipeline na apate njia ya kumwokoa Rehema, hata kama kitambulisho kitabaki chumbani.

Ukimaliza kuhariri, mwonyeshe mtu asiyeijua hadithi, simamisha filamu katikati ya onyesho lako kuu, na umwulize anahofia nini. Akikujibu moja kwa moja, kwa mfano kwamba yule mtu yuko ngazini naye Rehema hajui, endelea na onyesho linalofuata. Akikuuliza kinachoendelea, rudi kwenye daftari lako na utafute ukurasa ambapo mtazamaji alipaswa kuambiwa.