Kurekebisha matiti ya implanti uliyowekewa baada ya kutolewa matiti kwa kinga

Kama ulitolewa matiti kwa kinga ili usipate kansa, labda sababu ya jeni ya BRCA inayoongeza hatari ya kansa ya matiti, na sasa implanti (matiti bandia ya ndani) hazijakaa unavyotaka, usiende kwa daktari na neno moja tu "nibadilishie". Implanti mpya ikiingia kwenye kifuko kilekile chenye kasoro (nafasi inamokaa ndani ya kifua) itakaa vibaya vilevile, na utakuwa umepasuliwa bure.

Anza na kioo. Vua juu, shika kiuno, bonyeza kwa nguvu mpaka kifua kikaze. Titi likiruka au kuvutika pembeni basi implanti iko chini ya msuli, na mara nyingi dawa yake ni kuihamishia juu ya msuli. Alafu inama mbele, mikunjo ikijichora kwa juu ujue nyama ya kuficha kingo ni chache, hapo wengi huongezewa mafuta yanayonyonywa tumboni au mapajani, ila mwili hufyonza sehemu ya hayo mafuta kwa hiyo unaweza kurudi kwenye meza ya opresheni tena. Na angalia, ukihamishiwa juu ya msuli mikunjo inaweza kuzidi, kwa hiyo hayo mawili yaulizie pamoja.

Titi gumu, limepanda, linauma? Hilo ni kovu linalozunguka implanti, limekaza, na huwa linakatwa au kutolewa.

Piga picha za mikao yote hiyo uende nazo, manake ukiwa umelala kitandani hakuna kinachoonekana.

Tafuta pia kadi yako ya implanti, inayoonyesha aina uliyowekewa. Implanti zenye uso wa kukwaruza zinahusishwa na kansa adimu ya BIA-ALCL, na mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni zile za BIOCELL. Titi likivimba ghafla miaka baadaye, maji yaliyojaa kuzunguka implanti yapimwe kwanza, habari za muonekano zisubiri. Silikoni nayo inaweza kupasuka kimyakimya, FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, inashauri ultrasaundi au MRI miaka 5 mpaka 6 baada ya kuwekewa, kisha kila miaka 2 mpaka 3.

Kama opresheni ni ya juzijuzi, vumilia miezi kadhaa uvimbe uishe. Nikotini yoyote, hata ya vepu, acha wiki kadhaa kabla ya opresheni, inaua ngozi kweli. Na kama umechoka na implanti, kuzitoa ukabaki flati ni chaguo kamili, mwambie daktari akushone kifua kikae bapa, asiache ngozi inaning'inia.

Ukirudi nyumbani usijikande na chupa ya maji moto, kifua kina ganzi, utaungua bila kusikia.