Jinsi ya kuifungua namba kubwa kama 720720 bila kalkuleta

Ukikutana na namba kama 720720 usikimbilie kalkuleta ya simu, itizame kwanza. Watoto wengi hapa Mombasa waogopa namba kwa vile ni ndefu, na urefu si kitu kabisa, la maana ni namba tasa gani (zile zisizogawika ila kwa 1 na kwa zenyewe) ziko ndani yake.

Anzia mwisho. Yaishia na 0, basi 2 na 5 zaingia. Kwa 4 waangalia tarakimu mbili za mwisho, kwa 8 tatu, kwa 16 nne, hapa tuna 0720 na 720 ukigawa kwa 16 wapata 45, safi. Halafu jumlisha zote, 7+2+0+7+2+0 ni 18, na 18 yagawika kwa 9, basi namba nzima pia yagawika kwa 9.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Hiyo ni 720 imeandikwa mara mbili, na namba yoyote ya tarakimu tatu ukiiandika mara mbili ushaizidisha kwa 1001, na 1001 ni 7 × 11 × 13! Chukua zile tarakimu tatu za namba plet ya matatu yoyote inayopita Buxton, ziandike mara mbili, kisha gawa kwa 7, kwa 11, kwa 13, haibaki kitu. Mpe mtoto ajaribu mwenyewe kabla hujamwambia sababu, tafadhali, usimharibie.

Kwa hivyo yetu yafunguka hivi: 2×2×2×2 × 3×3 × 5 × 7 × 11 × 13.

Ukitaka kujua ina vigawanyo vingapi, yaani namba ngapi zaigawa bila kubakisha kitu, hesabu kila tasa imetokea mara ngapi, ongeza moja (kwa sababu waweza pia kuiacha kabisa), kisha zidisha: 5×3×2×2×2×2, vigawanyo 240. Hakuna namba ndogo kuliko hii yenye vingi hivyo, na ndiyo ndogo kabisa inayogawika kwa kila namba kutoka 1 hadi 16. 17 ndiyo yakataa, yabakisha 5.

Je, ni skwea, yaani namba fulani iliyozidishwa kwa yenyewe? Hapana, kwani 5, 7, 11 na 13 kila moja iko peke yake haina pea. Zidisha kwa 5005 uwape wenzao, wapata 3607203600, ambayo ni 60060 × 60060.

Si zote zafunguka laini hivi lakini. Jaribu 80100, namba ya posta yetu. Ni 801 × 100, na 801 ni 9 × 89. Ukifika 89 pima 2, 3, 5 na 7 tu basi, kwani 11×11 ni 121 na hiyo ishapita 89. Hakuna inayoingia, kwa hivyo 89 ni tasa, na ukihesabu vile vile 3×3×3×2 wapata vigawanyo 54.