Kumzoeza shakivale kuruka tena, gramu kwa gramu

Shakivale, ndege mbuai, haji kwenye glavu kwa sababu anakupenda. Anakuja kwa sababu ana njaa ya kiasi na ameshajua kwamba mkononi mwako hakuna hatari. Njaa hiyo ikipungua kidogo, atakaa mtini akutazame tu. Ikizidi, utamuua polepole huku ukidhani ametulia. Kwa hiyo tunaanza na mizani, glavu baadaye.

Kwanza sheria. Kwa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kuwa na mnyamapori hai bila kibali ni kosa, na anayetoa kibali ni KWS, shirika la serikali ya Kenya la wanyamapori. Usinunue kifaranga cha kipanga kilichotolewa kiotani, hata ukiambiwa utakuwa unamwokoa. Njia safi kwa mkaazi wa Nairobi anayetamani mchezo huu wa kuwinda kwa ndege mbuai ni kujitolea mahali penye kibali cha kutibu ndege mbuai. Huko huwa kuna ndege aliyegongwa na gari au kuchomwa na nyaya za stima, bawa limeshapona lakini misuli imeisha. Kumrudishia nguvu hutumia mbinu zile zile za wawindaji wa kale, na mwanafunzi mzuri ni shakivale, Buteo augur, yule mweusi mgongoni mwenye mkia mwekundu anayekaa juu ya milingoti pande za Ngong na Limuru. Ni mtulivu kuliko kipanga na husamehe makosa madogo.

Vifaa

Mizani ya jikoni ya dijitali inayosoma gramu 1 na kubeba kilo 5 inatosha. Funga juu yake kipande cha mti kilichozungushiwa kamba ya katani, kisha irudishe kwenye sufuri. Glavu iwe ya ngozi nene ya ng'ombe na ifunike hadi katikati ya kifundo na kiwiko. Mafundi wa ngozi wa soko la Kariokor, Nairobi, wataishona ukiwapelekea mchoro. Waambie waongeze ngozi ya pili kwenye kidole gumba na cha shahada, maana hapo ndipo kucha hushika.

Kila mguu huvaa bangili ya ngozi laini ya mbuzi, upana wa sentimita 2, yenye kijicho cha shaba, yaani pete ndogo ya kupitishia. Katika kijicho hupita ukanda, na hapa usifanye mzaha: weka jozi mbili. Ukanda wa kufungia una tundu mwishoni la kupitishia swiveli, kiungo cha chuma kinachozunguka ili kamba isijisokote. Ukanda wa kurukia hauna tundu lolote, kwa sababu tundu hunasa kwenye mwiba au seng'enge, ndege akaning'inia kichwa chini mpaka afe. Paka ngozi mafuta kila wiki. Ikikauka hukata mguu.

Kamba ya kufungia isizidi mita 1. Ikiwa ndefu, ndege akishtuka huchukua kasi kabla ya kamba kumkata ghafla, na mguu huvunjika. Kitulio kiwe upinde wa chuma uliochomekwa ardhini, sehemu ya juu ikiviringishiwa kamba ya katani au nyasi bandia. Bomba tupu laini hubana nyayo mahali pamoja siku nzima: panaanza doa jekundu linalong'aa, halafu kidonda chenye kigaga cheusi, halafu bakteria wanaingia hadi mfupani. Angalia nyayo kila unapompima.

Usiku alale ndani ya banda lililofungwa, bila kamba. Kanu, mbwa na bundi wakubwa watamla aliyefungwa nje. Msimu wa mvua adui mbaya zaidi ni siafu. Zungushia banda majivu, uyabadilishe yakilowa, na upite na tochi kabla ya kulala.

Chakula

Shakivale wa kilo 1 hula takriban gramu 80 hadi 120 kwa siku, yaani vifaranga vya siku moja 2 au 3. Wanaototolesha kuku wa mayai huwa na madume wasiyoyahitaji, kwa hiyo si vigumu kuvipata. Kware wa kufugwa ni bora zaidi, na tangu ule mkumbo wa watu kukimbilia kufuga kware wa 2014 ulipopoa wafugaji waliobaki wanauza kwa bei ya kawaida. Nyama ya bucha peke yake haifai: haina mifupa wala manyoya, na ndege mchanga atapinda mifupa kwa kukosa kalisi. Njiwa waepuke, wana vimelea vya koo. Panya wa mtaani usimguse kabisa. Huwezi kujua kama alikula sumu, na sumu ile huendelea kuua ndani ya ndege.

Akila manyoya, kesho yake atatapika tonge kavu. Usimlishe kabla hajalitoa.

Uzito

Mpime kila asubuhi saa ile ile, gole (mfuko wa chakula kooni) likiwa tupu na tonge likiwa limetoka, uandike kwenye daftari: uzito, alichokula kwa gramu, hali ya hewa, alivyoitika. Chukua mfano wa jike anayepima gramu 1,180 akiwa ameshiba. Punguza chakula ashuke gramu 10 hadi 15 kwa siku, usizidishe. Wengi huanza kuitika wakishuka asilimia 10 hivi, yaani kwenye 1,060. Akifika asilimia 15 na bado hataki, tatizo ni woga, na njaa haitibu woga. Mrudishie chakula, urudi nyuma kwenye mazoezi. Aliyetoka matibabuni asipunguzwe hata gramu moja mpaka daktari wa wanyama akubali.

Mizani isikufanye uache vidole. Papasa mfupa wa kidari: nyama ya pande zote mbili iwe imejaa, mfupa ukisikika kwa mbali. Ukikata kidole kama ukingo wa kisu, umechelewa. Ishara nyingine ni kinyesi cha kijani, manyoya yaliyovimba mchana, na macho yanayofumba. Hapo mpe vipande vidogo vya nyama laini iliyoloweshwa, bila mifupa wala manyoya, mara kadhaa kwa siku, na mpigie daktari. Mlo mkubwa kwa ndege aliyedhoofu unaweza kumuua. Julai, baridi ya Nairobi inapokaza, ongeza chakula, la sivyo atashuka hata kama hukupunguza kitu.

Kutoka mkononi hadi kwenye kamba ndefu

Siku za kwanza kaa naye jioni katika chumba chenye mwanga hafifu, akiwa kwenye glavu, kipande cha nyama kikiwa chini ya vidole vyake. Usimkazie macho. Atajirusha aning'inie, mwinue taratibu kwa kiganja mgongoni, bila maneno. Mdomo wazi na manyoya yaliyobana mwili ni woga. Siku atakapojitikisa manyoya yote au kuinua mguu mmoja, amekukubali kiasi. Kisha atainama ale. Wengine hufika hapo jioni ya pili, wengine huchukua wiki.

Baadaye mweke kwenye kitulio, onyesha nyama kwa umbali wa sentimita 10, piga filimbi, asubiriwe aruke. Halafu urefu wa kamba ya kufungia, halafu mita 5, 10, 20, 30 kwenye kamba ndefu ya nailoni iliyosukwa. Kamba hiyo viringisha kwenye kijiti kizito kinachoweza kuburutika. Ukiifunga kwenye mti, akipitiliza atakatwa angani. Fanyia kwenye nyasi fupi, akija dhidi ya upepo. Ongeza umbali pale tu anapokuja ndani ya sekunde 5 hivi, vipindi vitatu mfululizo. Miito 5 au 6 kwa kipindi yatosha. Kosa la kawaida ni kuita mara moja zaidi "tuone tu", akiwa ameshiba. Anajifunza kwamba filimbi inaweza kupuuzwa.

Mfundishe pia chambo: mfuko wa ngozi ulioshonewa ngozi ya sungura, unaburutwa chini kwa kamba kama fuko anayekimbia. Akigoma mtini, mara nyingi hiki ndicho kinachomshusha.

Kuruka huru

Nenda asubuhi, saa moja hadi saa tatu. Jua likipanda, hewa ya moto huinuka na shakivale huinuka nayo bila kupiga bawa, na njaa yake huisahau. Jioni nayo giza hukukuta ukitafuta. Chagua uwanda wazi wenye ruhusa ya mwenye shamba, kama upande wa Kitengela, mbali na nyaya za stima na kuku wa majirani. Kisambaza mawimbi mguuni, cha kumtafutia akipotea, ni lazima, betri ikiwa mpya. Kunguru wakimzonga au mwewe akimnyemelea chakula, mwite mara moja.

Misuli huja kwa kuruka wima: simama juu ya kiti, mwite kutoka ardhini hadi kwenye ngumi iliyoinuliwa, kwa kipande kidogo kama punje ya mahindi. Anza na mara 10, panda polepole hadi 50. Misuli ina uzito, kwa hiyo uzito wake wa kuruka utapanda, na daftari lazima lipande pia.

Kabla ya kumwachilia mshibishe wiki nzima arudi kwenye uzito wake kamili. Kata bangili zote mbili. Mahali pawe na panya na fuko, lakini pasiwe na jozi nyingine ya shakivale, kwani hulinda eneo lao kwa ukali. Tazama anga la hapo kwa siku kadhaa kwanza. Mwachilie asubuhi isiyo na mvua, na uache chakula juu ya jukwaa lile lile kila siku kwa wiki mbili, ukipunguza kadiri anavyokiacha.