Namna ya kuwashawishi wafanyakazi waje kazini kwa miguu, baiskeli na mwendokasi

Ofisi nyingi za Dar es Salaam zinapoanzisha mpango wa usafiri unaojali afya na mazingira huanza na mabango ukutani na fulana za bure. Hapo ndipo zinapokosea. Wafanyakazi wengi wa jiji hili tayari wanatembea na kupanda daladala au mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake maalumu. Wanachosubiri ni siku watakayopata mkopo wa gari waondokane na adha. Basi kazi ya kwanza ni kumpunguzia adha anayepanda basi leo ili asiliache. Mwenye gari atafuata baadaye, akiona wenzake wanafika bila kuhangaika.

Faida yenyewe iko wazi. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Anayetembea kwa kasi dakika 15 kwenda kituoni asubuhi na 15 jioni, siku tano, amezitimiza bila kulipia jimu. Na kila lita ya petroli isiyochomwa kwenye foleni ni takriban kilo 2.3 za hewa ukaa zisizotoka.

Jua watu wanatoka wapi

Andaa dodoso fupi lisilo na majina: unakaa mtaa gani na kituo cha karibu ni kipi, unatoka nyumbani saa ngapi, unaunganisha magari mangapi, unatumia nauli au mafuta ya shilingi ngapi kwa siku, na kitu kimoja kinachokukera zaidi njiani. Waulize juu ya safari za Jumanne hadi Alhamisi, kwa sababu Jumatatu na Ijumaa zina foleni zake.

Majibu yagawe kwa umbali. Aliye ndani ya kilomita 2 ni wa kutembea, dakika 25 hivi. Kati ya kilomita 2 na 7 ni wa baiskeli. Kwa mwendo wa kilomita 14 kwa saa, kilomita 7 ni nusu saa. Zaidi ya hapo ni mwendokasi, daladala, au kuchangia gari na wenzake wa njia moja. Usimwambie mtu wa Chanika, huko pembezoni mwa jiji, anunue baiskeli aje Posta, katikati ya mji. Atakuona humjui, na mpango mzima utaonekana mzaha.

Legeza saa ya kuingia kabla hujanunua chochote

Hili halina gharama na ndilo lenye nguvu kuliko yote. Mtu anayekatwa mshahara kwa kuchelewa dakika kumi hatathubutu kujaribu njia mpya. Ruhusu kuingia wakati wowote kati ya saa 1:00 na saa 3:30 asubuhi, na kutoka kulingana na ulivyoingia, mradi wote wawepo kuanzia saa 3:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa za kawaida kuwa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, kwa hiyo nafasi ipo. Anayetoka saa 10 jioni hupata basi lenye nafuu, na mwenye baiskeli hufika nyumbani kabla ya giza. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni mwaka mzima, na giza halichelewi.

Pamoja na hilo, weka ahadi ya safari ya dharura: mtu aliyekuja bila gari akipigiwa simu kuwa mtoto anaumwa, au akibakizwa kazini hadi usiku, ofisi inalipia bajaji au teksi, mara nne kwa mwaka. Mara nyingi ni wachache wanaoitumia. Lakini bila ahadi hiyo wazazi, hasa akina mama, hawataacha gari nyumbani.

Mahali pa kuweka baiskeli

Usinunue zile rafu za chini zinazobana gurudumu la mbele. Baiskeli ikisukumwa, spoku zinapinda. Na kwa kuwa kufuli linashika gurudumu tu, mwizi analiacha gurudumu hapo na kuondoka na fremu. Mwambie fundi wa kuchomelea atengeneze vyuma vya umbo la U lililopinduliwa. Bomba la inchi 2 lenye urefu wa mita 6 linatoa viwili: kila kimoja kina sentimita 75 juu ya ardhi, 30 ndani ya zege, na 80 kwa upana, jumla sentimita 290. Kila U inabeba baiskeli mbili, moja kila upande, na fremu pamoja na gurudumu vinafungwa kwa pamoja. Acha mita 1 kati ya U na U. Ukibana zaidi, usukani unashikana na watu wanaanza kufunga baiskeli kwenye miti.

Chini ya kila mguu, ndani ya zege, chomelea kipande cha nondo kilichokaa mlalo ili mtu asiweze kuuzungusha na kuung'oa. Kama bomba ni la mabati, ile ngozi ya zinki ipigwe msasa kwanza mahali pa kuchomelea, maana moshi wake ni sumu. Baadaye pakwe rangi ya kuzuia kutu palepale, la sivyo chumvi ya bahari itapala. Pajengwe pale mlinzi anapopaona akiwa amekaa, chini ya paa. Nyuma ya jenereta hapafai.

Jasho

Hiki ndicho kikwazo ambacho watu hawakiandiki kwenye dodoso kwa kuona haya. Bafu moja linatosha watu kumi hivi, kwa kuwa hawafiki wote kwa pamoja. Kama jengo halina bafu, choo kimoja kikubwa chenye ndoo ya lita 10, kata, kitundika nguo na mahali pakavu pa kukanyaga kinafaa. Makabati yawe na matundu ya hewa. Yasipokuwa nayo, taulo bichi litanuka ofisi nzima na watu wataacha kuja na baiskeli bila kukuambia sababu.

Wafundishe na utaratibu wenyewe. Begi lifungwe kwenye karia, kwa sababu begi mgongoni ndilo linaloloanisha shati. Ukifika, kaa chini ya feni dakika kumi ndipo uoge. Anayekimbilia bafuni mwili ukiwa bado wa moto hutoka jasho upya akishavaa. Nguo za wiki nzima ziletwe Jumatatu. Wanaotoka Kimara wana bahati: asubuhi wanateremka, mlima wanaupanda jioni wakiwa wanarudi kwenye bafu lao.

Baiskeli zenyewe

Ofisi inaweza kununua na kumkata mfanyakazi mshahara kidogo kidogo kwa miezi 10 au 12, kwa makubaliano ya maandishi. Baiskeli za mtumba kutoka Japani, zile zenye kikapu, madigadi na karia, zinatosha kabisa kwa mji. Kabla ya kulipa, nenda na fundi: akague maungio ya fremu, breki zote mbili, na mpira wa tairi, kwa sababu mtumba uliokaa muda mrefu kwenye kontena hupasuka ubavuni hata kama kashata zake ni mpya.

Kiti kipandishwe hadi kisigino kiguse pedeli iliyo chini kabisa huku mguu umenyooka. Kiti kikiwa chini magoti yanauma ndani ya wiki, na mtu anasema baiskeli si yake. Upepo ujazwe kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Tairi laini likigonga shimo, tyubu inabanwa kwenye rimu na kutoboka mara mbili. Getini kwa mlinzi pakae pampu, viraka, gundi, msasa na spana, na fundi aje mara moja kwa mwezi. Taa ya mbele, ya nyuma na kizibao cha kuakisi mwanga ofisi ivitoe bure.

Fedha na mwendokasi

Tazama ofisi inamlipa nani. Mara nyingi mwenye gari anapewa mafuta na maegesho ya bure, huku anayesimama kwenye basi kutoka Mbagala hapewi kitu. Mpe kila mtu kiasi kilekile cha usafiri, na anayeachia nafasi yake ya maegesho apewe thamani yake. Usilipe kwa kila safari ya baiskeli, maana watu wataanza kujiandikia safari zisizokuwepo; chai na chapati za moto kwa waliofika bila gari zinatosha.

Kisha tembea mwenyewe kutoka kituoni hadi ofisini, asubuhi na tena usiku, ukiandika: mfereji usiofunikwa, magari yaliyopaki njia ya miguu, mahali pasipo taa. Barua ya barabara za mitaa iende TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini; ya barabara kuu iende TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Wanaotoka usiku watembee kwa kundi hadi kituoni.

Uwe pia na utaratibu wa mvua ulioandikwa. Bonde la Msimbazi likijaa, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani na mwendokasi wa kwenda mjini hukwama. Siku hiyo wa njia ya Morogoro wafanyie kazi nyumbani bila kuomba ruhusa mara mbili.

Majaribio yaanze Juni, masika yakiwa yamepita na joto limepungua; Juni 3 ni Siku ya Baiskeli Duniani. Yaende wiki mbili, wakubwa wakiwemo. Mlinzi ahesabu baiskeli na magari saa 3:45 kila Jumanne na Alhamisi, na aendelee kuhesabu hadi masika ijayo. Idadi ya baiskeli ikishuka wakati mvua haijanyesha, anza kukagua bafu na makabati.