Kupandisha kifurushi cha Debian hadi toleo jipya

Tuchukue kifurushi cha mfano, hesabu, kinachotoka 2.3.0-1 kwenda 2.4.0-1. Namba iliyo kabla ya dashi ni ya waandishi wa programu. Ya baada ya dashi ni yako wewe mtunza kifurushi.

Zana:

sudo apt install devscripts git-buildpackage quilt sbuild mmdebstrap uidmap lintian

1. Vuta chanzo kipya ukiwa ndani ya hazina ya git:

gbp import-orig --uscan

Amri hii husoma debian/watch (faili inayoeleza matoleo mapya ya waandishi yatafutwe wapi), na hapo ndipo wengi hujikwaa. Waandishi wakitoa 2.4.0rc1 (toleo la majaribio kabla ya 2.4.0) nawe ukaipeleka hivyohivyo, dpkg huihesabu kuwa kubwa kuliko 2.4.0. Toleo kamili likija, apt haitalichukua. Utalazimika kuandika 1:2.4.0-1 ili lionekane kubwa, na hiyo "1:" ukishaivisha haivuliki tena maisha yote ya kifurushi. Kinga ni alama ya wimbi (~), ambayo hushuka chini hata ya mwisho wa namba:

dpkg --compare-versions 2.4.0~rc1-1 lt 2.4.0-1 && echo sawa

Kwenye watch weka uversionmangle=s/-?rc/~rc/ usahau.

2. Pitisha viraka (mabadiliko yako madogo juu ya chanzo cha waandishi).

export QUILT_PATCHES=debian/patches
quilt push -a

Kikigoma kimoja, kwanza tazama kama waandishi wameshakiingiza kwenye chanzo. Wameingiza? Kifute kwa quilt delete -r -n. Hawajaingiza? quilt push -f, rekebisha faili kwa mkono, kisha quilt refresh. Ukimaliza, quilt pop -a.

3. Andika mabadiliko kwenye debian/changelog: dch -v 2.4.0-1 "New upstream release."

4. Jenga kwenye mazingira safi. Kompyuta yako ina maktaba chungu nzima, kwa hiyo kitegemezi ulichosahau kwenye Build-Depends (orodha ya vinavyohitajika kujenga), kosa lake halitaonekana kwako. Litaonekana kwenye mashine za Debian, mbele ya watu.

mkdir -p ~/.cache/sbuild
mmdebstrap --variant=buildd unstable ~/.cache/sbuild/unstable-amd64.tar.zst
echo '$chroot_mode = "unshare";' >> ~/.sbuildrc
sbuild -d unstable

5. lintian -i ../hesabu_2.4.0-1_amd64.changes. Hiki ni kikaguzi cha kasoro za kifurushi. Kila mstari wa E (kosa) urekebishwe. W (maonyo) zisomwe moja moja. Usizizibe kwa lintian-overrides bila kuandika sababu.

6. Jaribu kupandisha, si kusakinisha tu. Weka 2.3.0-1 kwenye mashine ya majaribio, kisha 2.4.0-1 juu yake. Kama umehamisha faili kutoka hesabu kwenda hesabu-data, dpkg itakatika na "trying to overwrite". Usakinishaji mtupu hauonyeshi kosa hili kamwe. Dawa huwekwa kwenye hesabu-data, ndani ya debian/control:

Breaks: hesabu (<< 2.4.0-1~)
Replaces: hesabu (<< 2.4.0-1~)

Mistari yote miwili, tafadhali. Wimbi la mwishoni lipo kwa ajili ya 2.4.0-1~bpo12+1: toleo hilo la backports (vifurushi vipya vilivyojengwa kwa ajili ya Debian thabiti) nalo limeshahamisha faili, hivyo halipaswi kunaswa.

7. Tuma. dch -r "" huondoa neno UNRELEASED. Kisha jenga upya:

sbuild -d unstable --source-only-changes
debsign ../hesabu_2.4.0-1_source.changes
dput ftp-master ../hesabu_2.4.0-1_source.changes

Tuma chanzo peke yake. Ukituma .deb ulizojijengea, kifurushi hakitavuka kuingia testing, tawi linaloandaa toleo thabiti lijalo la Debian.