Kuandaa huduma ya mkoba ya siku moja katika kijiji kilichozingirwa na maji

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kuzungumza kwa simu, usiku tatu mfululizo, na vijana wa kikundi cha kujitolea waliokuwa wakijiandaa kupeleka matibabu kwa familia zilizokimbia mafuriko. Fedha walikuwa nazo, usafiri walikuwa nao, na maswali yao mengi yalihusu fulana, bango na chakula cha timu. Suala la barafu ya kutunzia chanjo hawakuliuliza hata mara moja. Mimi ni muuguzi, na safari za namna hii nimezifanya katika bonde la Mto Rufiji, ambako mvua za mwaka 2024 zilizamisha mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Ninayoyaeleza hapa yanahusu huduma ya mkoba, yaani matibabu yanayopelekwa nje ya kituo, kwa timu ndogo inayokwenda asubuhi na kurudi jioni.

Hatua ya kwanza: ruhusa

Peleka barua kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri, ukiambatanisha majina ya wataalamu wako, namba zao za usajili na orodha ya dawa mnazokusudia kubeba. Kisha ongea na mganga mfawidhi wa zahanati iliyo karibu na kijiji, kwa sababu yeye ndiye atakayebaki na wagonjwa wenu mtakapoondoka. Mtendaji wa kijiji na wahudumu wa afya ngazi ya jamii watatangaza siku na mahali. Isiwe siku ya gulio.

Hatua ya pili: dawa

Usipokee mifuko ya dawa zilizobaki majumbani mwa watu, hata kama anayetoa ni mtu unayemheshimu. Niliwahi kukaa sakafuni hadi saa nane ya usiku nikichambua mchango wa aina hiyo: vidonge vilivyokatwa nusu, dawa za macho zilizokwisha kufunguliwa, na boksi zima la dawa zenye maandishi ambayo hakuna miongoni mwetu aliyeweza kuyasoma. Shirika la Afya Duniani linataka dawa za msaada ziwe na angalau mwaka 1 kabla ya kuisha muda wake zinapofika nchini, na kwa maoni yangu kikundi kidogo nacho kijibane kwa kipimo hicho hicho. Waambie wafadhili watoe fedha, nanyi mnunue dawa zilizomo katika mwongozo wa matibabu wa taifa, ili mgonjwa atakaporudi zahanati akute dawa ile ile.

Kwa watoto mimi sibebi dawa za maji kabisa. Chupa ni nzito, huvunjika kwenye mtumbwi, na unga wake huhitaji maji safi ambayo kijiji kilichofurika hakina ya kutosha. Amoksilini ya vidonge vinavyoyeyuka kwenye kijiko cha maji au maziwa ya mama hufanya kazi ile ile. Bebeni kwa wingi chumvichumvi za kuongeza maji mwilini pamoja na zinki, ambayo mtoto mwenye kuhara hupewa miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, au miligramu 10 ikiwa hajafikisha miezi 6. Pakiti ya chumvichumvi huchanganywa katika lita 1 ya maji safi na salama, na hapo ndipo wazazi wengi hukosea, kwa kuwa chombo kilichopo nyumbani ni kikombe au chupa ya soda. Sisi hubeba chupa tupu za maji za lita 1, zilizooshwa vizuri, na kila mama huondoka na yake.

Hatua ya tatu: barafu

Hapa nitakaa kwa muda mrefu, kwa sababu kosa la hatua hii liliwahi kunigharimu nusu siku nzima.

Chanjo hutolewa na zahanati na husafiri pamoja na muuguzi wake, lakini kibebeo, yaani kisanduku cha baridi cha kubebea chanjo, mara nyingi huandaliwa na timu ngeni usiku wa kuamkia safari. Watu wengi huamini kwamba adui wa chanjo ni joto peke yake. Chanjo nyingi zinapaswa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na ni kweli kwamba joto huziharibu, lakini ile ya pentavalenti (chanjo ya watoto inayokinga magonjwa matano), ile ya kuzuia nimonia, ile ya pepopunda na ile ya HPV (ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi) huharibika pia zikiganda, na haziponi hata zikiyeyuka tena. Pakiti ya barafu iliyotoka kwenye friza sasa hivi huwa na baridi kali kuliko sifuri kwa nyuzi nyingi, na kichupa kinachoigusa kinaweza kuganda kabla hamjafika gatini.

Nilifanya hivyo hivyo. Saa kumi alfajiri nilitoa pakiti nne, nikazipanga ndani ya kibebeo, nikatia vichupa katikati na kufunga kifuniko, nikiona fahari kwamba ndani kuna baridi ya kutosha. Tulipofika, muuguzi wa zahanati alitoa kichupa kimoja cha pentavalenti, akakiinua kwenye mwanga, akakiona kina vipande vya barafu ndani. Hakuniambia neno. Alivitenga vichupa vyote vya chanjo hiyo, akamtuma nahodha arudi na boti kuchukua vingine, na akina mama waliokuwa wamefika tangu saa moja wakasubiri chini ya mwembe hadi saa saba mchana. Baadhi yao waliondoka bila chanjo.

Njia sahihi ni hii. Toa pakiti kwenye friza, zipange mezani bila kuzibebanisha, uziache zitoke jasho. Usitegemee saa, kwa kuwa muda hutofautiana kulingana na joto la chumba. Mahali penye baridi huweza kupita saa moja, na Pwani wakati wa joto huwa pungufu. Chukua kila pakiti, itikise karibu na sikio lako, na usiitie kwenye kibebeo mpaka usikie maji yakicheza ndani kuzunguka barafu. Nasema kila pakiti, kwa maana moja ikiyeyuka kiasi haimaanishi jirani yake imeyeyuka. Zifute, zipange pembeni, tia vichupa ndani ya mfuko wa plastiki katikati, kisha weka sponji juu. Sponji hiyo isitupwe wala isitumike kufutia meza, kama nilivyoona ikifanyika, kwa sababu ndiyo inayoshika vichupa vilivyofunguliwa wakati wa kuchanja.

Kile kiashiria cha mraba kilicho kwenye lebo ya kichupa kinaonyesha madhara ya joto tu. Mraba wa ndani ukiwa mweupe kuliko duara linaloizunguka, joto halijaiharibu chanjo. Ukilingana nalo au ukiwa mweusi zaidi, kichupa kinatupwa. Kiashiria hicho hakina habari yoyote ya kuganda. Mkishuku kuganda, muuguzi anaweza kufanya jaribio la kutikisa: hugandisha makusudi kichupa kimoja cha mtengenezaji yule yule na toleo lile lile, hukiacha kiyeyuke, hukitikisa pamoja na kile kinachoshukiwa, kisha huviweka kando kwa kando. Chembe za kinachoshukiwa zikituama haraka sawa na za kile kilichogandishwa, kimekwisha. Jaribio hili halifai kwa chanjo ya polio ya sindano. Kwa kuwa kichupa cha kulinganishia lazima kigandishwe usiku kucha, halifanyiki ufukweni; kwa hiyo pale kijijini, ukiwa na shaka, usichanje.

Chanjo za surua-rubela na BCG (ya kifua kikuu), zikishachanganywa, hutupwa baada ya saa 6 au mwisho wa kazi, lolote litakalotangulia.

Hatua ya nne: siku yenyewe

Gaweni namba za karatasi, wajawazito na wachanga watangulie. Kila mtoto wa miezi 6 hadi 59 apimwe mzingo wa mkono wa juu kwa utepe. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na huyo aandikiwe rufaa kabla ya kitu kingine chochote. Rejista iwe ya daftari na iandikwe kwa penseli, kwani wino wa kalamu hufutika karatasi ikilowa, nazo kompyuta kibao nimeziona zikizimika saa tano asubuhi mara nyingi mno.

Tengeni kona moja yenye faragha, hata kama ni kanga mbili zilizofungwa kwenye miti, na kila mtu mzima aulizwe huko swali moja: kuna dawa ya kila siku iliyokwenda na maji? Mafuriko huchukua vidonge vya presha, kisukari, kifafa na kifua kikuu, na huchukua pia dawa za kufubaza VVU pamoja na kadi za CTC (kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye VVU), ambazo hakuna atakayezitaja kwenye foleni mbele ya jirani. Msigawe dawa ya presha ya wiki moja na kuondoka. Andikeni jina, dawa na kituo cha awali, kisha mganga mfawidhi aifuatilie.

Hatua ya tano: kurudi

Sindano zote zirudi ndani ya kisanduku cha usalama kisichojazwa zaidi ya robo tatu, zikachomwe kwenye kichomea taka cha zahanati. Nakala ya rejista ibaki kwa mganga mfawidhi. Kabla boti haijaondoka, kubalianeni naye tarehe ya dozi inayofuata ya pentavalenti, isipungue wiki 4, na nani atalipia mafuta ya siku hiyo. Kibebeo kioshwe, kikaushwe na kihifadhiwe kifuniko kikiwa wazi.