Kupima dunia kwa tundu la kadi: mwongozo wa warsha ya walimu

Warsha nyingi za sayansi ya anga huishia kwenye projekta: picha za sayari, makofi, vyeti. Mwalimu akirudi shuleni hana projekta. Mwongozo huu ni wa warsha ya siku moja ambayo walimu walio katika miji miwili wanapima wenyewe mzingo wa dunia, kwa njia aliyoitumia Eratosthenes, msomi wa Kigiriki, kule Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Ukiacha kiti, ubao na rula ndefu, vifaa vyote vinaenea kwenye mfuko mmoja.

Miji na tarehe

Tafuta miji miwili, mmoja kaskazini ya mwingine, yenye longitudo zinazokaribiana. Nairobi na Arusha zimekaa karibu kwenye mstari mmoja, lakini zimetengana kwa digrii 2 tu kwenda kusini, na kosa la theluthi moja ya digrii litapotosha jibu kwa asilimia 16. Nairobi na Dodoma zimetengana karibu digrii 4.9. Kosa lilelile hapo halizidi asilimia 7.

Fanyeni wiki ya tarehe 21 Juni. Siku hizo jua la adhuhuri halisogei karibu kabisa kaskazini wala kusini, kwa hiyo kituo kilichofunikwa na mawingu kinaweza kupima kesho yake na hesabu isiharibike. Mwezi Machi na Septemba jua husogea digrii 0.4 kwa siku.

Kuna mtego ambao vitabu vilivyoandikwa Ulaya havina sababu ya kuutaja. Kati ya tarehe 5 na 17 Machi hivi, na tena kuanzia 26 Septemba hadi 8 Oktoba, jua hupita katikati ya miji hii miwili. Nairobi kivuli huelekea kaskazini, Dodoma huelekea kusini. Hapo pembe za jua za miji miwili, zilizopimwa kutoka wima, *hujumlishwa*. Katika miezi mingine hutolewa. Ukitoa wakati wa kujumlisha, dunia itatoka kubwa ajabu na hakuna atakayejua kwa nini.

Vifaa kwa kikundi cha watu wanne

Kadi ngumu ya sentimeta 10 kwa 10 (boksi la biskuti linatosha), kiti au stuli na rula ndefu, uzi uliofungwa nati kama timazi, ubao bapa wa mita 1 kwa nusu mita, karatasi ya manila, utepe wa kupimia, penseli iliyochongwa vizuri, pimamaji, na simu yenye kikokotoo cha tan⁻¹ (kitufe kinachogeuza uwiano kuwa pembe).

Kwa nini kadi yenye tundu, si fimbo tu? Kwa sababu jua si nukta. Upana wake angani ni nusu digrii, hivyo ncha ya kivuli cha fimbo ya mita 1 hufifia kwa kama sentimeta nzima, na walimu wanne watatia alama nne tofauti. Tundu la milimita 4 hutoa duara dogo la mwanga, na kitovu cha duara jicho hukikadiria kwa milimita moja au mbili.

Kusimika

Laza ubao juani, mahali ambapo hapatakuwa na kivuli mpaka saa 7:15 mchana. Usawazishe kwa pimamaji pande zote mbili. Vijiwe au karatasi zilizokunjwa chini ya kona zinatosha. Ubao ulioinama digrii moja kuelekea kaskazini au kusini unapotosha pembe kwa karibu moja ya tano ya digrii.

Funga rula juu ya kiti ichomoze mbele, gundisha kadi kwenye ncha yake ikiwa bapa, kama mita 1 juu ya ubao. Haina haja iwe mita 1 kamili; ipime tu. Pitisha timazi kwenye tundu, tia alama pale nati inapogusa manila, kisha utoe uzi. Kivuli kinapimwa kutoka alama hii. Kila warsha kuna kikundi kinachopima kutoka mguu wa kiti.

Kutia alama

Saa zetu zinafuata longitudo 45, inayopita karibu na Mogadishu, kwa hiyo saa 6:00 mchana jua bado halijafika juu kabisa. Tarehe 21 Juni hufika saa 6:34 Nairobi na saa 6:39 Dodoma. Anzeni saa 6:15, tieni alama katikati ya duara la mwanga kila dakika 3 hadi saa 7:00, na andikeni saa pembeni. Alama iliyo karibu zaidi na ile ya timazi ndiyo ya adhuhuri. Kila mji utumie adhuhuri yake.

Na ratiba ya chakula isogezwe. Mpishi akipiga kengele saa 6:30, warsha imekwisha.

Hesabu

Gawanya umbali wa alama kwa kimo cha tundu, kisha tafuta tan⁻¹. Kwa kimo cha sentimeta 100, tarehe 21 Juni Nairobi mtarajie kama sentimeta 46.1, yaani digrii 24.7, Dodoma 56.8, yaani 29.6. Tofauti ni 4.9.

Umbali kati ya miji upimeni kwa rula kwenye ramani yenye skeli, wima kutoka mstari wa latitudo wa mji mmoja hadi wa mwingine: kama kilometa 540. Si umbali wa barabara. Wala msichukue latitudo za simu mkazizidisha kwa 111. Namba hiyo imetokana na mzingo wenyewe, kwa hiyo mtakuwa mmejijibu kabla ya kupima.

Digrii 4.9 za mzingo ni kilometa 540, na mzingo mzima ni digrii 360, kwa hiyo 540 × 360 ÷ 4.9 inatoa takribani kilometa 39,700. Mzingo halisi kupitia ncha za dunia ni 40,008. Kikundi kikipata 37,000 au 43,000 kimefanya vizuri; kikipata 25,000, rudini kwenye ubao na timazi.

Gawanyeni 40,000 kwa saa 24 na mtapata mwendo wa mtu aliyesimama ikweta: karibu kilometa 1,670 kwa saa kuelekea mashariki. Roketi huanza safari na mwendo huo bila kuulipia, na ndiyo moja ya sababu Waitalia walijenga jukwaa la kurushia roketi la San Marco baharini karibu na Malindi. Satelaiti iliyorushwa hapo tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru.

Baada ya chakula: mwezi

Mpira wa miguu wa sentimeta 22 uwe dunia, limau la sentimeta 6 liwe mwezi. Waulize walimu waliweke limau umbali gani. Wengi huliweka kwa hatua moja. Jibu ni mita 6.6, yaani dunia 30 zikipangwa mfululizo.

Kisha ingieni chumba chenye giza na balbu moja isiyo na kifuniko. Kila mwalimu ashike limau kwa mkono ulionyooka na azunguke polepole akitazama sehemu iliyoangaziwa. Kichwa chake ndicho dunia, balbu ndiyo jua. Limau likiwa usawa wa macho, kila akiipa balbu mgongo kivuli cha kichwa kitalifunika, na ataondoka akiamini kwamba mwezi mchanga ni kivuli cha dunia. Aliinue kidogo juu ya kichwa: njia ya mwezi imeinama digrii 5 kutoka njia ya dunia kuzunguka jua, ndiyo maana hatupati kupatwa kila mwezi.